Mastaa wanapopita Katesh, shabiki anabaki na nini?

KATESH, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, ipo kwenye barabara kuu ya lami inayotoka Singida kwenda Babati na Arusha. Timu ya Ligi Kuu ikisafiri kwa basi kati ya Singida na Babati, hapo ndipo inapopita. Kwa mashabiki wengi wa mji huo, kukutana na staa wa soka ni jambo la sekunde chache tu. Basi linapunguza mwendo kwenye matuta, bodaboda wanapiga honi, watoto wanakimbilia barabarani, pazia la dirishani halifunguliwi, basi limeondoka.

Mbulu ni ngumu zaidi. Mji upo juu milimani, nje ya barabara hiyo. Shabiki wa Haydom au Dongobesh anayetaka kumwona mchezaji kwa macho yake lazima afunge duka au aache shamba, atafute nauli, ateremke hadi Babati, na pengine alale hukohuko.

Safari hizo zilipata maana mpya Fountain Gate ilipoufanya Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, Babati, kuwa nyumbani kwake. Watu waliozoea kuwaona Simba na Yanga kwenye vibanda umiza wakaanza kuwaona laivu. Swali ambalo klabu zetu hazijajiuliza ni moja: mtu huyu akirudi kwao usiku, anarudi na kitu gani zaidi ya matokeo?

DAKIKA MOJA, MIAKA KUMI

Kwa mchezaji, kusalimiana na shabiki ni kazi ya kila siku. Kwa mtu wa Hanang huenda likatokea mara moja tu maishani. Hapo ndipo hesabu za pande mbili zinapogongana. Staa aliyechoka akimpotezea mtu mmoja getini, yeye amesahau kabla hajafika hotelini. Aliyepotezewa atalisimulia kijiweni miaka kumi. Na aliyepewa mkono naye hivyohivyo, ila yeye atalisimulia akicheka.

Julai 13, 2017, Everton ilipocheza na Gor Mahia Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na kushinda 2-1, Wayne Rooney alifunga bao katika mechi yake ya kwanza tangu arejee klabuni kwake akitokea Manchester United. Lakini wengi hawakumbuki hata matokeo. Wanamkumbuka shabiki aliyekatiza uwanjani na kwenda kumkumbatia Rooney kabla ya kutolewa. Jamaa alivunja sheria, na kwa hilo hana mtetezi. Ila ile picha ilionyesha jinsi mtu anavyoweza kuhatarisha mengi kwa ajili ya sekunde tano na mtu aliyemzoea kwenye televisheni.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana Aprili 9, 2022, pale Goodison Park. Manchester United ilikuwa imefungwa 1-0 na Everton. Cristiano Ronaldo akitoka uwanjani kwa hasira aliipiga simu ya mtoto wa miaka 14 ikaanguka. Aliomba radhi mtandaoni, na baadaye Chama cha Soka cha England kikamfungia mechi mbili na kumtoza faini ya pauni 50,000. Mkono wa sekunde moja ulimgharimu miezi ya maneno.

MLANGO WA NYUMA

Wachezaji wana hoja zao, na ni za kweli. Safari za ligi yetu ni ndefu, usingizi ni sehemu ya kazi, na si kila anayesogelea basi ana nia njema.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo kila shabiki anaijua: imani za kishirikina. Timu zinakwepa mlango rasmi wa uwanja kwa kuogopa "vitu", na mara kadhaa Bodi ya Ligi imezipiga klabu faini kwa kosa hilo. Faini inalipwa, maisha yanaendelea. Anayeumia ni yule aliyekaa getini tangu asubuhi na mtoto wake mwenye jezi, akisubiri basi ambalo limeshaingilia kwingine.

Manyara ilishaonja machungu ya kusubiri. Fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB ya mwaka 2024 ilipangwa Babati, ikahamishiwa New Amaan, Zanzibar, ambako Juni 2 Yanga iliifunga Azam kwa penalti. Aliyeanza kudunduliza nauli kutoka Mbulu akaishia kutazama kibandani kama kawaida.

SHABIKI NAYE AJITAZAME

Hata hivyo, ubaya haupo upande mmoja. Februari 6, 2025, hapohapo Tanzanite Kwaraa, Simba ilikuwa inaongoza dhidi ya Fountain Gate. Winga kijana Ladack Chasambi akarudisha mpira kwa kipa wake Moussa Camara, mpira ukampita, ukazama wavuni. Mechi ikaisha 1-1. Lawama na kejeli zilizomwagika mitandaoni zilikuwa nzito kuliko kosa lenyewe.

Mtu anayetaka staa amsalimie kwa upole Jumamosi hawezi kumtukania mzazi wake Jumapili kisha akashangaa pazia la basi limefungwa. Mchezaji naye ana simu, na anasoma.

Kwa watu wa Mbulu, somo la namna ya kumpokea aliyeanguka halihitaji kuagizwa kutoka mbali. John Stephen Akhwari ni wa kwao. Mwaka 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, alianguka njiani akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla. Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, wa 57 na wa mwisho, giza likiwa limeshaingia na watu wengi wameshaondoka. Wachache waliobaki walimpigia makofi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma amalize mbio, haikumtuma azianze tu.

Waliowahi kuondoka siku ile walimwona bingwa. Waliobaki walimwona mtu ambaye dunia inamzungumzia mpaka leo.

Hanang nayo ina wake. Gidamis Shahanga alitwaa dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton, mwaka 1978 akiwa na miaka 20, kisha dhahabu ya mita 10,000 Brisbane mwaka 1982. Ni vijana wangapi wa Katesh wanaoijua sura yake kama wanavyozijua za wachezaji wa Real Madrid? Mtu anaweza kulikimbiza basi lenye pazia huku akipishana sokoni na bingwa bila hata kumwamkia.

Dawa ya yote haya haihitaji bajeti. Timu ngeni hufanya mazoezi uwanjani siku moja kabla ya mechi. Robo saa ya mwisho ifunguliwe kwa watoto wa shule, wapange mstari, wachezaji wawili watatu wapite wakiwapa mikono. Wilaya nazo, zinapoandaa UMITASHUMTA na UMISSETA, ziwaite wakongwe wao wawasalimie watoto kabla filimbi haijapulizwa.

Na shabiki akipata nafasi hiyo, asivute jezi, asisukume mwenzake, asiulize kwa nini ulikosa penalti. Asalimie, ashukuru, apige picha yake, apishe mwingine. Naye ametoka mbali.