Tranka nne, sukari nne, njaa moja

Nimekuwa kimya siku kadhaa, si mnajua tena, test zimebana na umeme nao wa kubahatisha. Leo nina jambo moja tu rohoni, naomba nilitoe lote. Atakayekasirika na akasirike.

Nimechoka na semina za kubana matumizi. Kila muhula lazima aje mtu mmoja, shati limenyooka, atuwashie projekta atuambie wanafunzi hatujui kutumia hela. Halafu anatoa dawa yake: nunueni vitu kwa jumla, mtaokoa. Makofi, maji ya chupa, picha ya pamoja, huyo anaondoka zake. Jamani, hesabu ya huyo bwana ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba anamwambia mtu ambaye mfukoni ana buku mbili na kesho ana kipindi saa moja asubuhi.

Mtu wa buku mbili hanunui robo ya sukari kwa sababu ya ujinga. Ananunua robo kwa sababu kilo haifikii. Tuseme kilo ni 3,200 na robo ni 900. Robo nne ni 3,600. Mia nne imekwenda hivi hivi, na aliyeilipa ni yule yule asiyekuwa nayo. Mafuta ya kupima ndiyo balaa zaidi. Kipimo cha mia tano ukikiangalia unaona si kitu, lakini kama vipimo 15 ndivyo vinajaza chupa ya lita, umelipa 7,500 kwa lita ambayo jirani yako mwenye gari kaichukua kwa 6,000. Bei hizi nimeziweka za mfano tu, weka za duka la mtaani kwenu uone kama mwelekeo utabadilika. Mwenye nacho ananunua kwa bei ya chini, asiye nacho ananunua kwa bei ya juu, halafu asiye nacho ndiye anaitiwa semina! Hivi hii ni haki kweli?

Na msiniletee habari za kumtukana Mangi. Mangi kanunua gunia, kalibeba, kalipa kodi ya fremu, anashinda anachota sukari kijiko kwa kijiko mpaka nyingine inamwagika chini. Kazi ya kugawanya nayo ni kazi, lazima ilipwe. Tena bumu likichelewa, daftari la Mangi ndilo linalolisha nusu ya mtaa. Mimi sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni sisi wenyewe, sisi wa mageto.

Ingia geto lolote huku Msewe, Changanyikeni au Survey. Chumba kimoja, watu wanne. Utakuta tranka nne na kila moja ina kufuli. Ndani ya kila tranka kuna robo ya sukari, kifuko cha chumvi, chupa ndogo ya mafuta na nusu kilo ya unga. Jioni jiko ni moja, watu wanasubiriana zamu. Wa kwanza anasonga ugali wake, anaosha sufuria, wa pili anabandika maji upya. Ugali mara nne, gesi ile ile! Na ikifika tarehe mbaya, wote wanne wanapiga pasi ndefu, asubuhi mpaka usiku, kila mmoja kwa siri akijifanya kashiba. Sukari zimetengana lakini njaa ni moja.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Hawa hawa wanne wamesoma DS. Waulize habari za ushirika, watakuandikia kurasa sita. Watakwambia mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda KNCU ili wauze kwa pamoja. Anayesoma zaidi atakwambia habari za mji wa Rochdale, Uingereza, ambako mwaka 1844 watu 28, wakiwemo wafumaji wa kipato cha chini, walichangishana pauni moja moja, tena kwa kudunduliza, wakafungua duka lao wenyewe. Waliuza nini? Unga, siagi, sukari. Vitu vya jikoni! Walichoshwa na bei na unga uliochanganywa uchafu, na faida iliyopatikana waligawana kulingana na mtu alivyonunua. Mwanafunzi wetu anaandika yote hayo, anapata A yake safi, anarudi geto, anafungua kufuli, anachota vijiko viwili, anafunga tena. Kha!

Sasa fanyeni hesabu ya kuchanga. Tuseme unga wa sembe kilo moja dukani ni 1,800. Kilo 25 kwa mtindo wa moja moja ni 45,000. Mfuko mzima wa kilo 25, tuseme ni 38,000. Gawanya kwa wanne, kila mtu anatoa 9,500. Wenye mkopo wa Bodi mnajua kwamba tangu mwaka wa masomo 2022/23 hela ya kujikimu ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Yaani hela ya siku moja, siku ile ile bumu limeingia, inaweka unga wa wiki tatu na zaidi ndani kwa watu wanne wanaosonga mara moja kwa siku. Hapo hujagusa mchele wala maharage. Mchele na maharage nendeni Tandale, wawili wakachague na kubeba, nauli mnagawana. Ndizi nazo zina sokoni kwake, Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, si lazima zikufuate mpaka gengeni.

Najua majibu yenu, nayasikia kila siku.

"Fulani anakula sana." Sawa, fulani anakula sana. Lakini mnavyoishi sasa mnamlipa Mangi kila siku ili tu msimlishe fulani kijiko cha ziada. Pigeni mahesabu nani kawala zaidi.

"Fulani atakwepa kuchanga." Basi pesa itolewe siku bumu linaingia, iandikwe kwenye daftari, jina na kiasi, daftari litundikwe ukutani. Asiyechanga anakula kwake mpaka mwezi ujao. Hakuna kugombana.

"Tutawaachia wadada wapike." Hili nakubali ni tatizo, na linatokea pale tunapochangia chakula na watoto wa kike wa chumba cha jirani. Kaka zangu, kutoa 9,500 hakukununulii mpishi. Zamu ni zamu. Asiyejua kusonga atajifunza siku ya zamu yake, na wote tutakula mabonge yake bila kununa.

"Vitaharibika." Vingine ndiyo. Nyanya usinunue tenga kwa tamaa ya bei, zitaoza, hizo bakini na fungu la gengeni. Dona nayo isikae sana maana ina kiini cha mahindi chenye mafuta, inachacha mapema kuliko sembe. Lakini sembe, mchele, dagaa wakavu, maharage, weka kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, vinakaa. Maharage lowekeni toka usiku, mwage yale maji, yataiva haraka na gesi itapona.

Sisemi kuchanga kutatufanya matajiri. Kama bumu limechelewa miezi miwili hakuna mfuko wa unga utakaokuokoa, na wenzetu wasio na mkopo kabisa wanahitaji kingine zaidi ya ushauri wangu. Ninachosema ni kwamba njia pekee ya asiye nacho kununua kwa bei ya mwenye nacho ni kuungana na asiye nacho mwenzake. Mtu wa semina hakutwambia hivyo kwa sababu kwake kununua kwa jumla ni suala la kufungua pochi tu. Kwetu sisi ni suala la kuaminiana kwanza.

Na hapo ndipo tulipo wagonjwa. Tunaaminiana kwenye desa, tunaaminiana kwenye kusainiana mahudhurio, lakini kwenye kilo ya sukari tunawekeana kufuli.

Bumu likiingia safari hii, kabla hujaenda kula chipsi kuku, kaeni chini wanne. Fungueni hizo tranka. Mwenye hoja tofauti aje nayo, na aje na sukari yake pia.

Naomba kuwasilisha.