Irma Gobb hana tamaa, nyie mmeangalia kipande tu

Uzi huu ni mrefu, shuka nao taratibu.

Kila ikifika Desemba ile klipu ya Mr. Bean na zawadi ya Krismasi inaanza kuzunguka kwenye magrupu, na maneno yake ni yale yale. "Wanawake hawaridhiki." "Mwanaume kajitoa, dada analia kisa pete." Halafu emoji za kucheka mpaka machozi. Mwaka huu imenifikia mara nne, zote zimetumwa na wanaume, wawili kati yao nawaheshimu sana. Sasa leo nasema. Kama unamtetea Bean kwenye lile tukio, ama hujaangalia kipindi chote, ama umeangalia ukajiona mwenyewe.

Kwa ambao hawakijui: ni kipindi maalumu cha Krismasi, Merry Christmas, Mr. Bean, kilichorushwa na ITV ya Uingereza tarehe 29 Desemba 1992. Bean ni Rowan Atkinson, mpenzi wake Irma Gobb ni Matilda Ziegler. Wengi tunakumbuka bata mzinga tu: jamaa anamjaza bata viungo, saa yake ya mkononi inapotelea ndani, anaingiza kichwa kuitafuta, kichwa kinanasa. Sawa, inachekesha, na mimi nacheka. Kwenye filamu yake ya 1997 wakarudia kituko hicho hicho. Lakini bata pale ni kiungo tu, mchuzi wenyewe uko dirishani kwa sonara.

Mkesha wa Krismasi Bean na Irma wako nje ya duka la sonara. Irma anamwonesha kwa kidole pete iliyopo dirishani. Dirisha hilo hilo lina picha kubwa ya tangazo, wachumba wawili na furaha zao. Bean anafuata kidole, jicho linatua kwenye picha, anatikisa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa hesabu. Siku ya pili Irma anampa zawadi yake, meli ya mfano, mzee anafurahi kama mtoto. Ikafika zamu yake, anamkabidhi Irma ile picha ya tangazo. Uso wa dada unashuka. Bean anampa ishara kwamba subiri, bado kuna kitu. Anatoa kikasha kidogo. Jamani, kile kikasha, kila mwanamke anajua kazi yake. Uso wa Irma unarudi, unang'aa kuliko taa za mti. Anafungua. Ndani kuna ndoano ya kutundikia picha.

Anaondoka analia.

Klipu iliyonifikia mimi imekatwa kwenye picha. Kikasha hakimo! Mmeondoa kielelezo halafu mnataka tutoe hukumu. Picha peke yake ungeweza kuiita bahati mbaya. Lakini mtu kukuona umekata tamaa, akakurudishia tumaini mkononi, kisha ukafungua ukakuta msumari, hapo hulii kwa sababu ya dhahabu. Unalia kwa sababu umegundua kwamba huyu mtu hajui hata kidogo unachokitamani maishani, na hajui kwamba hajui.

Najua jibu lenu. "Lakini Bean ni zuzu, atajuaje?" Hapo ndipo napotaka tubishane, kwa sababu kipindi chenyewe kinasema Bean si zuzu hata kidogo. Asubuhi ile ya Krismasi ametundika soksi za zawadi. Teddy, yule mwanasesere wake, anapata nini? Macho. Ndiyo, macho, kitu alichokuwa anakihitaji kabisa. Bean alimtazama mwanasesere, akaona kilichopungua, akakitafuta, akakileta. Hata panya wa nyumbani alikumbukwa, akapewa jibini (iliyoishia kwenye mtego, lakini tuyaache hayo). Kwenye mashindano ya kubahatisha uzito wa bata mzinga, yeye anampima kwa mzani, anaondoka na bata. Zuzu gani huyo? Uangalifu anao. Anaupeleka kwa wasioweza kumjibu.

Na kule dukani Harrods, kwenye sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, mtu huyu asiyeongea na binadamu anafunguka mdomo. Anaingiza mpaka dinosaria na kifaru cha vita kwenye zizi la Bethlehemu, kila mmoja na sauti yake. Ngano nzima. Kwa Irma, ambaye ana masikio, kichwa kinatikisika tu basi.

Bean karibu haongei, ndiyo maana dunia nzima inamwelewa. Huku kwetu tumemwangalia kwenye mabasi ya mikoani, bila tafsiri, bibi na mjukuu wanacheka pamoja na hakuna aliyebaki nyuma. Ule ukimya ni zawadi kwetu sisi watazamaji. Ndani ya nyumba ile ukimya huo huo ndio uliomvunja Irma. Swali moja lingetosha pale dirishani: "Unasema hii?" Sekunde mbili.

Mimi ni nesi, kuuliza ndiyo kazi yangu kabla ya sindano. Mgonjwa anakuja anashika tumbo. Kwa Kiswahili chetu tumbo ni nyumba kubwa mno: mna vidonda, mna hedhi, mna mimba, mna kibofu, wakati mwingine mna aibu tu ya kutaja sehemu yenyewe. Nikifuata kidole peke yake nitampa dawa ya gesi mama ambaye mimba inamtoka. Kwa hiyo tunauliza. Panauma wapi hasa, panaumaje, tangu lini. Kidole kinafungua maongezi tu.

Nimewaona kina Bean wengi wodi ya wazazi, na si watu wabaya. Kuna kaka mmoja alikuwa analeta mtori kwenye chupa kubwa asubuhi na jioni, siku zote ambazo mkewe alikuwa amelazwa. Wodi nzima ilimsifu. Mke hakuwa anaugusa, tunakunywa sisi na majirani wa kitandani. Siku nilipomuuliza dada anataka nini, akasema anataka mume wake akae, dakika kumi tu, aache kuwa na haraka ya kurudisha chupa. Kaka alipoambiwa alishangaa kweli kweli. Mtori ulikuwa mzuri, sikatai.

Wengine mtasema Irma naye angetamka, "Nataka pete, nataka tuoane." Hili nalikubali nusu. Aliwahi kuonesha kwa kidole, mchana, kitu chenyewe kikiwa mbele ya macho yao wote wawili. Mnataka afanye nini zaidi, aandike barua kwa katibu kata? Dada anayesema wazi anataka ndoa mnamwita nini kwenye magrupu hayo hayo? Nimeyaona majina mnayompa. Akinyamaza ni wa mafumbo, akisema ana njaa ya ndoa, akilia ana tamaa.

Irma hakurudi tena kwenye vipindi vilivyofuata vya Bean vile vya waigizaji, alikuja kuonekana baadaye kwenye katuni. Waandishi walikuwa na sababu zao. Mimi naona alifanya vizuri.

Kipindi chote ni kama nusu saa. Kiangalieni mpaka kwenye kikasha, halafu njooni kwenye komenti tubishane. Niko zamu ya usiku, nitajibu wodi ikitulia.