Mteja akikuulizia hema la kuoteshea ndani, soma hii kabla hujaagiza mzigo

Leo naongea na wanaouza mtandaoni vifaa vya nyumbani, vya kilimo na vya umeme, hasa sisi tunaochukulia mzigo Kariakoo na kufungia huku Gerezani. Kuna oda imeanza kuwa ya kawaida kwenye meseji: "Boss, unalo lile hema jeusi la kuoteshea mimea ndani? Na taa zake je?" Wengine wananiuliza niwaunganishe na ajenti wa Guangzhou. Wengine wameshatengeneza tangazo kabisa, "lima ndani kwako kwa asili, bila kemikali", na kajani kale kenye vidole saba kapo pembeni kana kwamba hatukaoni.

Kwa asiyelijua: ni kabati la kitambaa. Nje jeusi, ndani linang'aa kama karatasi ya kufungia keki, lina zipu, matundu ya kupitishia feni, na juu unaning'iniza taa ya LED. China ni bidhaa ya kawaida tu. Ukiona bei ya kule na ukiona vijana wanavyoliulizia hapa, unaweza kudhani umeokota dili. Msimamo wangu mimi ni kwamba usiliagize kwa ajili ya soko hilo, na sikusemi hivyo kwa sababu ya dini wala woga wa kizee. Naongea biashara.

Kwanza tuangalie hamu hii inatoka wapi. Inatoka kwenye video. Kijana wa Kitanzania yupo Toronto anaonyesha mimea yake ndani ya hema, anaweka samadi na mboji, anaongea Kiswahili chetu kabisa. Sasa Canada sheria ilibadilika Oktoba 2018, na kwa sheria ya taifa lao nyumba moja inaruhusiwa mimea minne. Ujerumani tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa mimea mitatu. Afrika Kusini Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima anaweza kulima na kutumia faraghani kwake, na Mei 2024 Rais Ramaphosa akasaini sheria yake. Lakini hata huko Afrika Kusini ruhusa hiyo ni ya kutumia mwenyewe, siyo ya kufungua duka. Hilo kwenye video huwa halisemwi.

Halafu kuna wanaosema "mbona Afrika wameruhusu". Lesotho walianza kutoa leseni 2017, Malawi wakapitisha sheria 2020, Rwanda 2021. Ni kweli. Ila kule tunaongelea kampuni zenye leseni, kwa ajili ya dawa, na Rwanda ni kwa kupeleka nje ya nchi, chini ya ulinzi mkali. Mnyarwanda aliyepanga chumba Nyamirambo hakuruhusiwa kitu.

Hapa kwetu hali ni nyingine kabisa. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni ya mwaka 2015, ilifanyiwa marekebisho 2017, na bangi imo ndani. Haimwangalii mvutaji peke yake. Inamgusa anayelima, anayehifadhi, anayesafirisha, anayeuza, na hata mwenye nyumba aliyejua akanyamaza. Watu wanadhani kidogo ni kidogo. Kwenye kusafirisha na kuuza, bangi isiyozidi kilo 50 ni kifungo cha miaka 30. Ikizidi hapo ni maisha. Soma tena: isiyozidi kilo 50. Maana yake hata kile kifurushi unachompa boda apeleke Tabata kinaingia humo. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao na mamlaka yao, na huko pia ni marufuku, kwa hiyo usijidanganye kwamba ukivuka na boti umepona. Sisi mtaa wetu tayari unaitwa Gerezani, inatosha kukaa Gerezani yenye herufi kubwa.

Sasa hili neno "asili". Naona linatumika kama kinga. Eti hii imelimwa kwa mbolea ya kuku, haina dawa ya viwandani, kwa hiyo ni kama mlonge au tangawizi. Ndugu yangu, samadi inabadilisha udongo, haibadilishi sheria. Hakuna kipengele kinachouliza uliweka mboji au uliweka urea. Na kwa mlaji vilevile: kitu kuoteshwa bila kemikali hakukifanyi kipoe. Bangi ya ndani, inayopewa mwanga na mbegu za kuchagua, mara nyingi ndiyo kali kuliko ile ya shambani, ndiyo maana hata jina lake mtaani ni jingine, skanka. Mtu akikuuzia neno "asili" hapo anakuuzia lebo tu.

Tuje kwenye hesabu, maana wengi wanaoniandikia wanaona faida kabla hawajaona LUKU. Chukua taa moja ya wati 240, siyo kubwa. Ukiiwasha saa 12 kwa siku ni uniti 2.9 hivi kwa siku, uniti 86 kwa mwezi. Ukiiwasha saa 18, kama wanavyofanya mmea ukiwa mdogo, ni uniti 130 hivi. Nyumba nyingi za kupanga Dar zinapona kwa sababu zipo kwenye ile bei ya chini ya wanaotumia mpaka uniti 75 kwa mwezi. Taa hiyo moja inakutoa huko. Kwenye bei ya kawaida shilingi 1,000 inakupa uniti 2.8, kwa hiyo unaongelea shilingi 31,000 mpaka 46,000 kwa taa tu, bila feni. Na hema ni sanduku, taa inatoa joto, na Februari ya Dar wewe mwenyewe ndani unalala na feni mbili. Utataka AC. Mkiwa mnachangia mita na wapangenzi wengine watatu, swali la kwanza litakuja siku ya kununua umeme: "Nani anakula uniti hizi?" La pili litakuja na harufu. Nyumba za Kariakoo na Gerezani ukuta ni mmoja, jirani akikaanga samaki wewe unajua ni changu au kibua. Utaficha nini?

Lakini hayo ni ya mlimaji. Wewe muuzaji je?

Hapa ndipo ninapobishana sana na wenzangu. Kuna mmoja ananiambia: "Mimi nauza hema. Anayeuza kisu haulizwi mteja anaenda kukata nini." Hoja ina nguvu, siikatai. Hema lenyewe halijakatazwa, wala taa, wala feni. Mtu anaweza kuoteshea miche ya pilipili hoho humo na hakuna wa kumgusa. Tofauti inakuja kwenye kujua. Muuza kisu akiambiwa "nataka cha kumchomea fulani" halafu akasema karibu, nina chenye ncha kali zaidi, huyo siyo muuza kisu tena. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 22, inamhesabu anayesaidia kosa kutendeka kama mtendaji. Na wewe wa mtandaoni una shida ambayo mwenye duka la Mtaa wa Congo hana: kila kitu umekiandika. Mteja ameuliza "hili linatosha mimea mingapi ya ganja?" na wewe umejibu "minne freshi kabisa mkuu" na kaemoji juu. Namba yako imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole. Malipo yameingia kwa jina lako. Boda ana eneo ulilomtumia. Na ujumbe wa simu unakubalika mahakamani kama ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ilishalimaliza hilo. Mwenye duka atasema hakumbuki. Wewe simu yako itakukumbukia.

Kwa hiyo tangazo lolote lenye kajani kale, lenye neno mjani, ndumu, au vicheko vya "wanaojua wanajua", umejiandikia maelezo ya polisi mwenyewe. Mteja akitaja bangi kwenye meseji, jibu langu ni fupi: "Samahani, kwa matumizi hayo siuzi." Naiacha hiyo meseji palepale, sifuti. Sendelei na mazungumzo, simpi namba ya mwenzangu. Oda moja imekufa, sawa. Na huyo unayemwona mteja huwezi kujua ni nani.

Kubwa zaidi kwangu ni mzigo wa kuchangia. Wengi wetu hatuna kontena, tunaunga vifurushi vyetu kwa ajenti, mwenye simu, mwenye vipodozi, mwenye magauni ya harusi. Akitokea mmoja amechomeka pakiti ya mbegu ndani ya boksi la hema, siyo boksi lake tu litakalofunguliwa. Mzigo wa watu unakaa. Mama aliyeagiza nguo za Idd anazipokea Idd imeisha. Na hata mbegu halali, nyanya au tikiti, haziingizwi hivihivi: kuna kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, na kuna TOSCI wanaosimamia ubora wa mbegu na waziuzao. Kwa hiyo yule anayekwambia "weka tu mbegu ndani ya soksi" anakupa kesi mbili kwa mpigo.

Mtanijia: basi tuyauze hema kwa mboga. Nitasema ukweli wangu hata kama utaharibu soko la mtu. Kwa Dar, hema la ndani kwa mchicha ni hasara. Fungu la mchicha bei yake mnaijua, na jua la bure lipo nje siku nzima. Miche nayo inataka neti ya kivuli na trei, vitu vya bei ndogo na vinavyotoka haraka, hivyo ndivyo ningeweka stoo. Mwenye hamu ya kulima chumbani bila jua mwelekeze kwenye uyoga wa mamama. Hautaki taa. Unataka mabua ya mpunga yaliyochemshwa, mifuko ya nailoni, mbegu safi, giza na usafi kwa wiki tatu nne, halafu unyevu na hewa. Hapo wewe muuzaji una vya kuuza: mifuko, chupa za kunyunyizia, kipimajoto, kipima unyevu. Ni vitu vidogo lakini vinarudi kila mwezi, na mteja wake ni mama wa nyumbani anayekulipa bila kunong'ona.

Na kama hema tayari unalo stoo, limeshaingia, usilitupe. Sisi wauzaji wa mtandaoni wenyewe tunahitaji sehemu ya kupigia picha bidhaa. Ondoa ile taa ya zambarau, maana inageuza rangi, kitenge chekundu kinatoka kama maini na mteja atakurudishia mzigo. Weka taa nyeupe mbili, funika kitambaa cheupe kile kinachong'aa, weka kiatu katikati. Ukiliandika hivyo kwenye tangazo, "hema la kupigia picha bidhaa", na picha mbili za kabla na baada, nadhani litatoka ndani ya wiki.