Mbogi inaenda Zanzibar, lakini kufanya nini?

Desemba ikikaribia, vikundi vya WhatsApp hapa Silibwet huwa na mpango mmoja: chama kikigawa pesa, mbogi inaenda Zanzibar. Poa sana. Shida yangu ni vile tunavyoenda. Mtu anakaa Nungwi siku nne, anaposti machweo hamsini, kisha anarudi kwenye mashamba ya chai bila kujua alikuwa wapi.

Alikuwa kwenye nchi ndani ya nchi. Zanzibar iliungana na Tanganyika Aprili 26, 1964, miezi mitatu tu baada ya Mapinduzi, lakini ina rais wake, bendera yake na Baraza lake la Wawakilishi. Hata ukitoka Dar es Salaam kwa boti, mwendo wa saa mbili hivi, unakutana na maafisa wa uhamiaji ukishuka bandarini. Hapo ndipo Mkenya hushtuka: si nilishagongewa muhuri Namanga?

Linaloniuma zaidi ni hili. Hapo hapo Nungwi, kando ya hoteli, kuna mafundi wanaounda majahazi ya mbao, wengi bila mchoro wowote, vipimo viko kichwani. Chombo kikiisha kinapigwa kalafati, yaani nyufa zinazibwa kwa pamba na mafuta, ndipo kishushwe majini. Kabla ya hapo kulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, tanga lake mkeka. Mfano wake uliwekwa Beit el-Ajaib, jumba la mwaka 1883. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 25, 2020.

Wengine watasema hayo ni mambo ya watu wa pwani, sisi ni watu wa milima. Haya, panda matatu. Umelipa nauli, neno lililoanzia kwa malipo ya chombo cha baharini. Dereva ameshika usukani, ambao kwanza ulikuwa wa jahazi. Kocha wa timu ya mtaa ana nahodha, na nahodha ni bwana wa merikebu. Upepo wa kaskazi ulileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ukavirudisha, na katikati mabaharia walingoja miezi, wakaoa, wakaongea. Lugha tunayopigia stori hapa stendi ilikulia kwenye kungoja huko.

Kwa hivyo toa asubuhi moja tu kwa mafundi. Salimia kwanza, omba ruhusa kabla ya kutoa simu, na ukichukua picha acha kitu. Panda ngalawa pia, uone tanga likishika upepo. Halafu muulize fundi kama kuna kijana anayejifunza kazi hiyo kwake. Jibu lake ndilo ningependa uposti.