Kabila Si Hati ya Kumiliki Watu

Swali ambalo mwananchi wa Kenya haliepuki ni hili: "Wewe ni kabila gani?" Huulizwa kabla ya kupewa kitambulisho, huulizwa kimoyomoyo na yule anayelisoma jina lake katika barua ya kuomba kazi, na siku ya uchaguzi ikikaribia huulizwa kwa sauti kubwa majukwaani. Sisi tunaodai siasa halisi ya vyama vingi hatuna budi kuuliza swali letu pia. Ni nani aliyeamua kwamba jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kura yetu?

Wakubwa hutufundisha kwamba kabila ni damu, kwamba limekuwapo tangu kuumbwa kwa mlima, na kwamba anayemkataa msemaji wa kabila ameisaliti damu yake. Fundisho hilo ni la uwongo. Kabila ni namna watu wanavyoutazama ulimwengu na kujiweka ndani yake, na mtazamo ukibadilika, kabila nalo hubadilika. Ushahidi hauko mbali. Uko hapa kwetu, Meru na Embu.

Wazee wa Kimeru husimulia kwamba babu zao walitoka Mbwaa, nchi iliyokuwa penye maji mengi, wakiukimbia utumwa wa Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu. Aliwaongoza Koomenjwe. Waliovuka maji usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka kulipopambazuka wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka jua likiwa limechomoza wakaitwa Njeru, weupe. Zingatia hekima iliyomo. Hao walikuwa watu wenye rangi tatu, wala hakuna hata mmoja aliyepewa rangi kwa sababu ya ngozi yake. Rangi ilikuwa saa ya safari, na safari yenyewe ilikuwa moja.

Mtazamo wa namna hiyo ulikuwa na milango. Kulikuwa na gichiaro, udugu wa kiapo uliowafunga watu wa sehemu mbalimbali, hata na jirani wasio Wameru, wasidanganyane, wasimwagiane damu, wala wasinyimane msaada. Kulikuwa na rika, lililomfanya kijana wa ukoo huu kuwa ndugu wa kijana wa ukoo ule kwa kuwa walitahiriwa pamoja. Aliyetoka mbali aliweza kupokewa, akapewa ukoo, na watoto wake wakawa wenyeji. Sisemi kwamba zamani hakukuwa na vita wala wizi wa mifugo; vilikuwapo. Nasema kwamba mpaka ulikuwa na mlango, na ufunguo ulikuwa mikononi mwa wenyeji wenyewe.

Mkoloni alikuja na mtazamo mwingine. Kwake yeye kila Mwafrika alikuwa na kabila moja, kila kabila lilikuwa na rizavu yake, na kila rizavu ilikuwa na mpaka kwenye ramani. Lakini ardhi ilipowabana Wakikuyu, serikali hiyohiyo iliruhusu baadhi yao wahamie rizavu ya Meru kwa sharti kwamba wakubali kuwa Wameru. Wengi walikubali. Wengine walikataa, wakakaa humo wakitangaza waziwazi kwamba wao ni Wakikuyu. Sasa na tuulize kama mahakama inavyouliza: ikiwa kabila ni damu, serikali iliwezaje kulitoa pamoja na shamba? Mkoloni mwenyewe alijua kwamba kabila ni jambo la kukubaliwa na kukubali, ila alitaka yeye ndiye ashike kalamu ya kuandikisha.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliunganishwa katika fungu moja la kushukiwa, na majina yao matatu yakaandikwa pamoja katika amri za serikali. Katika msako mkubwa wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, watu wa makabila hayo matatu walikamatwa kwa maelfu, wakahojiwa na kupangwa kwa rangi: weupe, wa kijivu na weusi. Rangi zilikuwa tatu tena! Lakini hizi hazikuwa saa za safari moja. Zilikuwa kipimo cha utiifu kwa mtawala, na mweusi alipelekwa kizuizini.

Uchaguzi wa Machi 1957 ulipofika, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha uaminifu. Wameru wengi walikuwa nacho kuliko Wakikuyu, na Bernard Mate wa Meru akamshinda Eliud Mathu, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944. Simlaumu Mate, na ushindi wake ni sehemu ya historia yetu. Naonyesha tu jinsi kalamu ya ofisi ilivyoweza kuwaunganisha majirani siku ya kukamatwa na kuwatenganisha siku ya kura.

Uhuru ulipokuja tuliirithi kalamu hiyo. Wandia na Wagichugu, waliokuwa wametawaliwa pamoja na Waembu katika wilaya moja, walipata wilaya yao ya Kirinyaga na kuwekwa Mkoa wa Kati, na Embu na Meru zikapelekwa Mkoa wa Mashariki. Mwaka 1971 ukaundwa muungano wa GEMA, nao ukayaunganisha tena majina yaleyale matatu, safari hii kwa jina la maslahi. Mwaka 1976 vigogo wake walikuwa mstari wa mbele katika kampeni ya kubadilisha katiba ili Makamu wa Rais asishike madaraka iwapo Rais angefariki. Mkulima wa kahawa wa Runyenjes na mchunga mbuzi wa Tharaka hawakuulizwa lolote. Serikali ilipoivunja GEMA mwaka 1980 pamoja na vyama vingine vya kikabila, hawakuulizwa vilevile.

Tulidhani kufutwa kwa Kifungu cha 2A mnamo Desemba 1991 kungemaliza mchezo huo. Vyama vilikuwa vingi, lakini mtazamo ulibaki mmoja. Mapigano ya kikabila yaliwaka Bonde la Ufa, na mwaka 1992 kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilionyesha mkono wa wanasiasa ndani yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Na Oktoba 2024 Naibu wa Rais Rigathi Gachagua alipoondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Kithure Kindiki wa Tharaka-Nithi, majukwaa yalijaa maneno ya "Mlima Mashariki" na "Mlima Magharibi". Huyu akasema sisi ni ndugu wasiotengana. Yule akasema tumetumiwa vya kutosha. Wote wawili walikubaliana jambo moja tu, kwamba sisi ni kapu la kura na kazi iliyobaki ni kujua nani atalibeba.

Nasikia jibu la wapinzani wa hoja hii. Watasema: "Wakili, jina la kabila ndilo lililotupatia maji na shule." Jibu hilo lina uzito. Watharaka na Wambeere, wanaoishi katika nyanda kavu, walilalamika kwa miaka mingi kwamba wilaya zao kubwa ziliwasahau. Tharaka-Nithi ilipata wilaya yake mwaka 1992. Mbeere ikaipata mwaka 1996. Lakini katiba ya 2010 ilipounda kaunti 47 kwa kufuata wilaya za sheria ya 1992, Tharaka-Nithi ikawa kaunti, na Mbeere ikabaki ndani ya Embu. Je, kiu ya Mmbeere ni ndogo kwa kuwa wilaya yake ilichelewa miaka minne? Maji ni haki ya raia. Anayetufundisha kuyadai kwa jina la kabila anatufundisha pia kunyamaza yakinyimwa jirani.

Wala hatusemi watu waache mila. Mwacha mila ni mtumwa. Lugha zetu, nyimbo zetu, msitu wa Mwenendega ambaye Waembu humtaja kuwa baba yao, na nyumba ya Njuri Ncheke pale Nchiru ni urithi wa fahari. Lakini wanasiasa wa kila rangi ya chama wamepanda Nchiru kutafuta baraka kabla ya kura. Mzee anayeheshimu kiapo asikubali baraza lake ligeuzwe dirisha la kukatia tikiti.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya kuandikisha watu, Sura ya 107, ilipotaja kabila la mtu ilisema kabila lile alilolitaja mwenyewe. Yaani hata serikali ilikiri kwamba ni tamko la mwenye jina. Kifungu cha 91 cha katiba kinakataza chama kuundwa kwa msingi wa kabila, lugha, rangi au eneo. Sheria ya serikali za kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti.

Basi tudai haya. Kila chama kifungue daftari la wanachama wake, wadi kwa wadi, na mgombea atoke katika kura ya mchujo, asitoke mfukoni mwa msemaji wa jamii. Kaunti za Meru, Embu na Tharaka-Nithi zitangaze kila mwaka zimeajiri nani. Na yeyote atakayesimama jukwaani akisema "watu wangu wameamua", aulizwe papo hapo: waliamua wapi, lini, na kwa kura ngapi?

Waliovuka usiku, alfajiri na mchana walivuka maji yale ili wasimilikiwe na mtu. Tusikubali kumilikiwa nchi kavu.