Somo la kwanza liwe less

Na Rehema Kassim

Walimu wengi wa Unix hukimbilia grep. Mwanafunzi hupewa faili la kumbukumbu za seva, huambiwa atafute neno "error", mistari michache hujitokeza, na somo huhesabiwa limekwisha. Naona tunaanzia mwisho. Grep humfaa anayejua anachotafuta, na mwanafunzi bado hajui. Mara nyingi chanzo cha hitilafu kimeandikwa mistari kadhaa juu ya ule unaotaja kosa: diski imejaa, au faili la mipangilio halisomeki. Ukibakiza mistari yenye neno moja tu, umeitupa ile uliyoihitaji.

Haja ya kusoma kwa utulivu ni ya zamani. Watumiaji wa kwanza wa Unix walichapiwa matokeo kwenye karatasi, na waliweza kuyarudia. Zilipokuja skrini za mistari 24, kilichopanda juu kilipotea. Mwaka 1978 Daniel Halbert, akiwa Berkeley, California, aliandika more, iliyosimama kila skrini ilipojaa. Katikati ya miaka ya 1980 Mark Nudelman akaandika less ili msomaji aweze pia kurudi nyuma. Unaandika amri yako, alama ya bomba, kisha less. Mkwaju hutafuta neno, G hukupeleka mwisho, g mwanzo. Alama ya & hubakiza mistari yenye neno ulilotaja, na ukiifuta mingine yote hurejea. Huo ni mchujo usiopoteza kitu, na kwangu ndio hoja kubwa kuliko zote.

Wapo wanaosema dirisha la siku hizi hupandishwa kwa kipanya. Ni kweli, lakini kwa kawaida hutunza mistari yenye kikomo, tena matokeo ya amri zilizotangulia yamo humo humo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kwenye bomba rangi hupotea na ujumbe wa makosa hubaki nje. Rangi hurudi kwa kuilazimisha amri izitoe na kuipa less chaguo la -R; makosa huingia kwa 2>&1. Mwanafunzi akielewa kwa nini, ameshajua kwamba programu ina njia mbili za kutoa maneno. Faili la gigabaiti nyingi bila shaka litahitaji grep. Lakini kwenye Linux nyingi man, git log na journalctl hufunguka ndani ya less zenyewe, na tumewaacha vijana humo wakijua kitufe cha q pekee.