Vikaragosi Si vya Watoto Peke Yao

Baba mmoja wa mtaani kwetu aliwapeleka wanawe kutazama maonyesho ya vikaragosi. Alipokwisha kuwaketisha mstari wa mbele, alitoka nje akakaa chini ya mwembe kusoma gazeti mpaka mchezo ulipokwisha. Njiani kurudi nyumbani, mwanawe wa miaka saba alimwuliza, "Baba, kwa nini yule fisi alipewa ufunguo wa ghala?" Baba hakuwa na jibu, kwani hakumwona fisi wala ghala. Aliponisimulia alicheka, mimi sikuweza kucheka naye.

Aghalabu sisi wazazi hudhani kwamba kikaragosi ni kitu cha kuwanyamazisha watoto. Hata katika lugha yetu, kumwita mtu mzima kikaragosi ni kumtukana kwamba anachezeshwa na wengine. Lakini wako Waafrika wenzetu ambao hukipa kikaragosi heshima kubwa.

Huko Mali, kando ya mto Niger, uko mji wa Markala. Tangu mwaka 1993 mji huo umekuwa na tamasha la vinyago na vikaragosi, nao mwaka 2014 Shirika la UNESCO liliuingiza utamaduni huo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wavuvi wa Kibozo na Kisomono hukutana uwanjani na wakulima wa Kibamana na Kimarka. Hutokea kiboko, mamba, simba, fisi na ndege, kila mmoja akiwakilisha mto au pori. Wanyama wengine huwa wakubwa kiasi cha kubebwa na watu waliojificha ndani ya fremu iliyofunikwa nguo au majani, na mgongoni mwao huchomoza vikaragosi vidogo vinavyocheza. Ngoma hulia, na wanawake huimba nyimbo za kila mnyama.

Mtoto aliyeketi mchangani hucheka anapoona mamba akifumbua kinywa. Mama yake aliye nyuma yake husikiliza wimbo, akatambua kwamba anayesemwa ni mchoyo, au mvivu, au mwenye majivuno. Hapo ndipo ilipo hekima yenyewe. Kijana akimwambia mzee usoni kwamba ni mchoyo, amekosa adabu. Lakini fisi wa mti akiyasema hayo kwa kucheza, hapana wa kumshtaki, na mwenye kosa huenda nalo nyumbani kimya kimya.

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Mwaka 2009 kilianza katika televisheni ya Kenya kipindi cha XYZ, kilichobuniwa na mchoraji katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam. Vikaragosi vyenye sura za wakubwa wa siasa viliwafanyia mzaha wakubwa wenyewe, na waliokaa mbele ya televisheni hawakuwa watoto.

Basi, ndugu mzazi, yakija maonyesho ya vikaragosi karibu nawe, usiwaache watoto mlangoni kama mizigo. Keti nao. Wao watakuonyesha usichokiona, nawe utawaeleza wasichokielewa. Mtoto anayeuliza swali la maana na kukosa wa kumjibu, hujifunza kutouliza tena.

Yule baba nilimshauri arudi kwa mwanawe, amwombe amsimulie mchezo wote tangu mwanzo. Usiku ule mtoto alivaa soksi mbili kuukuu mikononi, moja fisi na moja mwanakijiji, akaucheza mchezo mezani, taa ya chemli ikitupa vivuli ukutani. Ulipokwisha, baba aliuliza, "Sasa ni nani aliyempa fisi ufunguo?"

Mtoto akajibu, "Ni wanakijiji wenyewe, baba. Siku ya mkutano walikuwa wamekaa nje."